Kurasa Nilizombakizia Mama

Siku ya mwisho niliyomsomea mama riwaya, tulikuwepo yeye, wadogo zangu Paulina na Bahati, na mimi. Wiki iliyopita niliiona riwaya ile ile mnadani Katesh, imelazwa kando ya viatu vya mitumba, na harufu ya dawa ya kuchua tuliyokuwa tunampaka mama kifuani ikanirudia.

Mama hakujua kusoma. Kila alasiri nilimsomea akiwa kitandani, nikinyamaza alipokohoa.

"Leo maliza," alisema. "Yule binti anarudi kwao au harudi?"

"Kesho, mama."

"Mchoyo wewe. Hata kwa mgonjwa?"

Paulina akacheka. Nikafunga kitabu. Mama mwenyewe ndiye aliyetufundisha tusikamue ng'ombe hadi tone la mwisho, tubakize ya ndama, ili kesho maziwa yaje tena. Nikadhani na mtu ni hivyo: akibakiziwa kitu, atafika kesho.

Hakufika. Niliacha shule nikawalea wadogo zangu. Sasa naelewa kwa nini alikuwa na haraka.

Kile kitabu nilikinunua, nikasoma kurasa za mwisho nikiwa nimesimama pale pale mnadani. Binti anarudi kwao. Jibu hilo bado nadaiwa na mama.