Salamu za Mama Lydie mlangoni mwa maktaba

“Lydie, kumbe banakulipaka juu ya kuchunga kimya? Na ku nyumba kwako kimya iko bure!”

Jirani yake, Mama Jeanne, alimwuliza hivyo mwaka ule alipopata kazi. Alikuwa ameshika ufagio mlangoni pake, akacheka mpaka akakohoa. Lydie Mukalay alicheka naye, akakaza kitambaa kichwani, akaenda kazini.

Miaka sita imepita. Ni saa mbili na nusu asubuhi, mwezi wa sita, na baridi ya Lubumbashi inauma vidole. Mama Lydie anafungua kufuli ya maktaba ya watu wote, kando ya kanisa la paroisse moja ya mtaa wa Katuba. Anafungua madirisha, anapangusa vumbi jekundu lililoingia usiku, anafanya ishara ya msalaba. Kisha anaketi karibu na mlango na kungoja mtu wa kwanza.

Ana miaka sitini na mbili. Mume wake, fundi wa reli, alifariki miaka tisa iliyopita. Watoto wawili wako Kolwezi, wa tatu alioa Zambia akabaki huko. Kazi hii inamletea faranga laki moja na nusu kwa mwezi, na mwezi mwingine zinachelewa.

“Tangu natoka ku nyumba mpaka nafika hapa, sisemi na muntu,” anasema. “Kinywa inafunguka hapa.”

Na kilikuwa kinafunguka kweli. Kila aliyeingia alisalimiwa salamu nzima: amelalaje, nyumbani wakoje, yule mtoto wa kikohozi amepona? Kisha, kama desturi inavyotaka, mgeni alizunguka meza zote akipeana mkono na kila aliyeketi, ndipo akafungua kitabu. Siku za wanafunzi wa Examen d’État, mtihani wa taifa, wakijaa arobaini, salamu peke yake ilimaliza nusu saa.

Mtu wa kwanza kila siku alikuwa Papa Antoine Tshibangu, mwalimu mstaafu ambaye wazazi wake walitoka Kasai. Saa tatu kamili alivua kofia.

“Jambo, papa. Mulilala?”

“Tulilala, mama.”

“Na mama, iko?” Aliuliza habari ya mke wake.

“Iko.”

Akaenda kwenye kiti chake cha dirishani. Hayo tu. Lakini kwa Mama Lydie siku ilikuwa imeanza.

Mwezi wa tano, Floribert, katibu wa kamati ya maktaba, aliweka daftari mlangoni. Mwaka jana wasomaji walikuwa kama thelathini kwa siku, sasa hawafiki kumi na tano, na kamati ilitaka kujua sababu. Upande wa kushoto watu waandike wanachopenda, upande wa kulia wasichopenda.

Kushoto walisifu taa ya sola, ambayo haijali kama kuranti ya umeme imekatika. Bénie, msichana anayejiandaa kwa mtihani, aliandika kwamba nyumbani kwao wako tisa katika vyumba viwili, na hapa tu ndipo kichwa chake kinapata nafasi. Kijana mwingine hakuweka jina: “Hapa hakuna muntu ananiuliza kama nilipata kazi.”

Kulia walilalamikia kwaya inayofanya mazoezi nyuma ya ukuta kila Alhamisi, na ufunguo wa choo unaotembea na sacristain, mtunza kanisa. Walilalamikia pia dictionnaire, kamusi ya Kifaransa iliyopoteza kurasa za mwisho. “Tangu mwaka jana natafuta zèbre,” aliandika Djo, mwanafunzi mwenye maneno. “Tunaishiaka ku S.”

Halafu, ukurasa wa nne, kwa wino wa kijani na mwandiko ulionyooka: “Sipendi salamu ya mlangoni. Nakuja kutafuta kimya. Mama anauliza mambo ya nyumbani kila siku.” Hakuna jina.

Floribert alimsomea maneno hayo akiangalia viatu vyake. Kamati ilikuwa imekwisha kukata shauri: kuanzia Jumatatu, watu wasalimiane kwa kichwa. Bila mkono, bila neno.

“Haiko miye, mama. Ni hii cahier ya pa mlango njo inasema.”

“Basi muweke imbwa pa mlango.”

“Imbwa nayo inasemaka, mama.”

Mama Lydie hakucheka. “Nilisikia kama wamenifunga kinywa kwa kamba,” anasema.

Kalamu ya biki ya kijani katika maktaba hiyo ni moja. Miaka thelathini na minne Papa Antoine alisahihisha kazi za wanafunzi kwa kijani, maana nyekundu, husema, inaogopesha watoto.

Ijumaa, kabla sheria haijaanza, Mama Lydie alingoja mpaka saa sita, wengine wote wakatoka. Akasimama mbele ya meza ya dirishani.

“Papa Antoine, salamu yangu ilikukosea nini?”

Mzee alivua miwani.

“Mama Lydie, weye uko muntu muzuri. Lakini bibi yangu alikufa mwezi wa pili. Alikwenda kuona dada yake ku Mokambo, malaria ikamukamata, tukamuzika kule kule. Hapa sikufanya matanga. Sikuambia muntu.”

“Papa! Na miye kila siku nauliza…”

“Unauliza, najibu ‘iko’. Siku ya kwanza nilikosa nguvu ya kueleza. Siku ya pili nikaona haya ya kurudia nyuma. Sasa ni miezi ine. Kila asubuhi namufufua pa mlango, nikifika pa kiti namuzika tena.”

Mama Lydie aliketi kwenye kiti cha Bénie.

“Papa, miye, miaka tisa tangu bwana yangu alikufa hakuna muntu ananiuliza, ‘Na papa?’ Banaruka. Banauliza batoto, banauliza magoti. Nilifikiri nakupa kitu kizuri.”

Papa Antoine aliinuka. Alifunga kitabu, akavaa miwani, akaondoka akipitia mbali na meza ya mlangoni.

Mchana huohuo Djo alirudi mbio. Alikuwa amesikia habari ya sheria mpya, akazunguka mtaa na daftari. Upande wa kushoto palikuwa na majina kumi na moja, yote chini ya mstari mmoja: tunapenda salamu ya Mama Lydie. Kamati ilikuwa inakutana jioni.

“Mama, tunashinda! Siye tuko kumi na moja. Ule mwenye wino ya kijani iko peke yake.”

“Njo vile,” Mama Lydie akamwambia. “Iko peke yake.”

Jioni Floribert alimwuliza kama ana neno la kuambia kamati. Angeweza kumfungulia ukurasa wa majina kumi na moja. Alisema sheria ibaki.

Jumatatu karatasi ilibandikwa mlangoni. Wasomaji waliingia wakiinamisha vichwa, mikono mfukoni. Bénie alisahau, akanyoosha mkono, akaurudisha haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Chumba kikatulia mpaka ukasikia kurasa zikigeuka.

“Ni kweli, banasoma zaidi,” anasema Mama Lydie. “Siwezi kudanganya mbele ya Mungu.” Anaangalia mikono yake. “Lakini mangaribi nikifika ku nyumba, nikiita jina ya Mungu, nasikia sauti yangu imekauka.”

Hakukata tamaa. Ameomba kamati benchi moja ya kuweka nje, chini ya ukingo wa paa, ambapo sheria haifiki. Atakuja saa moja na nusu. “Mwenye kutaka salamu, akuje mapema tukae. Mwenye hataki, anapita saa tatu, namuachia njia.” Floribert ameahidi mbao. Bado hazijafika.

Siku tatu kiti cha dirishani kilikaa kitupu. Mama Lydie alikipangusa kila asubuhi, asimruhusu mtu kukikalia. Hakujua kama mzee amekasirika, au ni mgonjwa, na hakujua anapokaa.

Alhamisi, saa tatu kamili, Papa Antoine anaingia. Anavua kofia. Mama Lydie anainamisha kichwa, macho kwenye daftari la majina ya wasomaji. Mzee anasimama kidogo, kisha anaenda kukaa. Anasoma mpaka saa sita. Kwaya inaanza nyuma ya ukuta, inakosea, inaanza upya.

Wa mwisho kutoka ni yeye. Anaweka kitabu juu ya meza ya mlangoni. Anaisoma ile karatasi ya kamati yote, toka juu mpaka chini, kama mwalimu anayetafuta kosa.

“Mama Lydie,” anasema kwa sauti ya chini. “Papa wenu wa reli, jina yake ilikuwa nani?”

Mama Lydie anainua kichwa.

“Sylvain.”

“Sylvain,” Papa Antoine anarudia, polepole, kama anayeandika.

Anavaa kofia, anatoka bila kusema neno lingine.