Kilichogonga Nyuma ya Pazia la Provia

Tap.

Kimya.

Tap, tap.

Sauti ilitoka nyuma ya pazia linalokinga kitanda cha Provia. Na Provia mwenyewe alikuwa mbele yangu, amekaa kwenye cherehani, kitambaa mkononi, mguu haukanyagi.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Hakuna mtu."

Tap.

"Hakuna mtu, na anagonga?"

Naitwa Emoit, kabila langu Mteso, wa upande wa Tororo. Nauza mitumba sokoni, na kwenye harusi naghani mashairi. Hakuna mwalimu aliyenifundisha vina. Nilijifunza mizani kwa kuhesabu vidole nikichunga ng'ombe wa baba. Nasema haya mapema ujue: mimi si mtu wa kuchezewa kimya kimya.

Provia ni mchumba wangu, Msamia wa Masinya. Anashona nguo hapa Busia, upande wa Uganda, kwenye chumba cha kupanga. Siku ile ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wazee wangu walikuwa waende kwao kujitambulisha. Mbuzi tayari, ulezi umeshachachuka, mjomba ameazima koti.

Na mimi nimesimama nasikia kitu kinagonga karibu na kitanda cha mke wangu mtarajiwa.

Nisingeshtuka sana kama si Okia.

Okia ni rafiki yangu, anaendesha boda pale mpakani. Wiki nzima alikuwa ananidondoshea maneno kama mtu anayelisha kuku.

"Ndugu, mimi sitaki kesi. Lakini uliza Provia anafuga nini cha Maloba."

Maloba ni fundi simu wa ng'ambo, Busia ya Kenya. Kijana mrefu, meno meupe, viatu vyake havijui vumbi. Provia alikuwa anavuka kwenda dukani kwake mara kwa mara, na akirudi kila sentensi inaanza na "Maloba kasema." Maloba kasema hivi, Maloba kasema vile. Mimi mashairi yangu hajawahi kuyanukuu hata mstari mmoja.

Basi nikalishika pazia, nikavuta.

Nilitegemea miguu ya mwanamume. Nikaona miguu minane.

Ndani ya kopo kubwa la plastiki, lenye kifuniko kilichotobolewa matundu, kulikuwa na buibui wa ukubwa wa kiganja changu. Manyoya mwili mzima, rangi ya udongo. Aliniona, au alikiona kivuli changu, akaruka. Akagonga kifuniko kwa miguu ya mbele, akaanguka, akajiweka sawa.

Nilirudi nyuma nikakalia ndoo ya maji.

Provia akacheka. Kicheko kile cha zamani, cha kabla hajanizoea.

"Usiogope. Ni mpole huyu."

"Sijaogopa. Nimekaa tu."

"Umekalia maji, Emoit."

"Hilo dudu ni la nani?"

"Langu. Baba alilifukua shambani Masinya wakati wa kupanda karanga, likiwa dogo kama punje ya karanga yenyewe. Nimelilea miaka mpaka likawa hivi. Lilikuwa kwa dada Caro, lakini siku hizi linagonga na kuruka, watoto wake hawalali. Amenirudishia."

"Na umenificha."

"Ningekuambia lini? Watu wakisikia msichana anafuga buibui watasema anaroga. Nilitaka kukuambia kabla ya Jumamosi."

"Okia anasema ni la Maloba."

"Maloba alinifundisha kulilisha tu. Yeye anao pia."

Unaona? Maloba tena.

Provia akainama juu ya kopo. Akaongea nalo kwa Kisamia, taratibu, maneno ambayo hajawahi kuniambia mimi. Akasafisha tone la maji kwenye ukingo kwa ncha ya kanga. Nikahisi moto unapanda kutoka tumboni mpaka masikioni.

Nilikuwa namwonea wivu mwanamume wa ng'ambo. Sasa nilikuwa namwonea wivu na mdudu.

"Sikiliza," nikasema. "Hiki kitu kinarudi kwa mwenyewe leo. Kisiporudi, Jumamosi wazee wangu wanabaki Tororo."

"Mwenyewe ni mimi."

"Kinarudi kwa Maloba."

"Emoit, hujui unachofanya. Maloba anamtaka kwa—"

"Usinitajie huyo mtu."

Nikabeba kopo. Hakunizuia. Provia ana kiburi kama mimi. Ndiyo sababu nilimpenda. Alisema neno moja tu nikiwa mlangoni, sauti imekauka.

"Usimpulizie. Buibui huyu akipuliziwa anaruka bila kuangalia anakokwenda. Na akianguka kutoka juu, tumbo linapasuka."

Nikaondoka.

Nilikuwa na mizigo miwili. Kopo mkononi, na begani mirija mitatu mirefu niliyotumwa na mjomba nije kuichukua Busia kwa ajili ya Jumamosi. Kwetu wazee hukaa kuzunguka chungu cha ajono, pombe yetu ya ulezi, kila mmoja na mrija wake. Mrija una adabu zake. Haushikwi kwa mkono wa kushoto. Na hata ufe kwa hasira, haupulizwi. Unavuta tu. Anayepuliza ni kama amewatemea wenzake mate, na wazee humtoza kuku hapo hapo.

Nikavuka mpaka, mirija begani, shetani mkononi. Kopo linagonga, tap, tap. Mama mmoja muuza ndizi akachungulia, akafanya ishara ya msalaba, akanipisha njia nzima.

Njia yote nilikuwa natunga.

Dukani kwa Maloba kulikuwa na wateja kama wanne. Vizuri. Shairi linataka masikio. Nikaliweka kopo juu ya meza, katikati ya simu zilizofunguliwa matumbo, nikakohoa, nikaghani:

*Nimekuletea lako, dudu lenye nywele tele,*
*Nimechoka na vituko, na salamu za kelele,*
*Njia ya kwake ni mwiko, usipite hapo mbele,*
*Shika mzigo ni wako, ukae nao milele.*

Wateja wakapiga makofi. Nikajisikia mwanamume.

Maloba hakukasirika. Aliweka bisibisi chini, akaliinua kopo kwenye mwanga, akaligeuza polepole. Uso wake ukafunguka kama mtu aliyeletewa mtoto wake.

"Buda, umetisha," akasema. "Mizani imekaa. Wewe ndiye Emoit wa Provia?"

"Ndiyo mimi."

"Msichana wako ni mgumu. Miezi nambembeleza aniazime huyu dume. Kakataa kabisa. Nikaona, acha nimguse Okia kila akija kuchaji simu. Nikamwambia tu, Provia ana kitu changu chumbani. Nikajua kitakufikia." Akatabasamu. "Wivu ni bodaboda ya bure, msee. Umenibebea mzigo mpaka mlangoni, na shairi juu."

Wateja wakacheka. Sasa hawakuwa wanacheka upande wangu.

Sijui kama umewahi kushindwa na mtu ambaye hata hakuwa anapigana nawe. Nilikuwa nimekuja kugombea mwanamke. Yeye alitaka buibui. Provia hakuwa hata kwenye hesabu zake, na hilo, ajabu, liliniuma kuliko kama angekuwepo.

"Unamtakia nini?" nikauliza.

Akavuta kitambaa kilichofunika sanduku la kioo kwenye kona. Ndani, mdomoni mwa shimo la udongo, alikaa jike. Mnene, mweusi zaidi, mara mbili ya yule wetu.

Nimesema wetu. Ndipo neno lilipotoka, pale.

"Huyu wako amekomaa," Maloba akasema. "Dume akikomaa anaacha kula, anazurura, anaruka ukutani kutafuta pa kutokea. Na anagonga. Umesikia anavyogonga? Anabisha hodi kwa majike."

Akalifungua kopo, akamsukuma dume kwa brashi mpaka ndani ya sanduku. Kisha akashika simu yake, akaanza kurekodi.

Dume akasimama. Akagonga udongo kwa miguu ya mbele.

Tap, tap. Tap.

Jike akatikisika.

Nikiri nilisahau hasira. Alikuwa anasogea hatua moja, anagonga, anasubiri. Hatua moja, anagonga, anasubiri. Mimi kwenye mahusiano yangu sijawahi kusubiri chochote.

Wakakutana. Wakashikana miguu. Sitaeleza zaidi, watoto wanasoma.

Kisha jike akainuka. Meno yakafunguka, meusi, marefu kama kucha za paka.

"Sasa anamla," Maloba akasema, bila kuondoa macho kwenye simu.

"Mtenganishe."

"Ya nini? Kazi amemaliza. Hii ndiyo watu wanataka kuona."

Miaka ya Provia ilikuwa mle ndani. Buibui yule akiliwa, hakuna koti la mjomba wala mbuzi wa baba atakayeniombea msamaha Masinya.

Kuingiza mkono sikuthubutu. Mimi ni mshairi, si mwendawazimu. Nikachomoa mrija mmoja begani, nikapenyeza ncha yake katikati ya wale wawili, nikaweka mdomo upande wa pili.

Nikapuliza.

Mrija wa wazee, kabla hata haujaonja pombe. Nasikia mpaka leo mababu wakinidai kuku.

Dume akaruka. Hakuangalia anakokwenda, kama nilivyoambiwa. Akapita juu ya ukingo wa sanduku, akagusa meza, akaruka tena. Nikaona sakafu ya saruji chini yake, nikalisikia tumbo likipasuka kabla halijapasuka.

Nikasogeza kifua mbele.

Akatua kwenye shati langu. Miguu minane ikashika. Nilisimama pale kama mlingoti, pumzi nimeifunga, jasho linatiririka kwenye pua, na siwezi kulifuta.

"Usitikisike," Maloba akanong'ona, simu bado juu.

"Zima simu hiyo," sauti ikasema mlangoni.

Provia. Nyuma yake Okia, funguo za pikipiki mkononi, macho chini. Ndiye aliyemleta.

Provia alikuja moja kwa moja, akakinga viganja chini ya buibui, akamwita. Yule dume akapanda mkononi mwake kama aliyefika nyumbani. Provia akamkagua mguu mmoja mmoja. Mimi hakunikagua. Nikasikia ule moto tena, kidogo. Ndugu yangu, hata katika hali ile.

"Maloba," akasema, "nilikuambia hapana."

"Si mimi niliyekuja kwako, dada."

"Najua."

Nje ya duka ndipo akaniangalia.

"Jumamosi wazee wako wasije."

Nilikuwa na majibu mengi, mengine yana vina. Nikayameza.

"Unampeleka wapi?" nikauliza.

"Nyumbani. Shambani alikofukuliwa. Hana maisha marefu tena, na kule majike wana mashimo yao, ana pa kukimbilia."

"Nakwenda na wewe."

Akapanda pikipiki ya Okia, akaniachia nafasi nyuma. Okia akatubeba wote hadi Masinya, watu wawili na kopo katikati. Alijua kosa lake.

Tulipofika kwenye ua wa kwao nikakwama. Sijatambulishwa, boma lile siwezi kuliingia. Provia akapita kuelekea shamba la karanga, mimi nikabaki nje ya michongoma.

Alipokuwa anarudi, ameshamwachia buibui, nikasikia kandambili. Mama yake, Mama Benedeta.

Kwetu mama mkwe hatazamwi usoni, sembuse kabla ya kutambulishwa. Nikageuka nikaupa ua mgongo.

"Provia, huyo anayetupa mgongo ni nani?"

"Alikuwa wa Jumamosi, mama."

Alikuwa. Neno dogo, lakini lilinikata.

"Alikuwa? Amefanya nini?"

Provia akamweleza yote, kopo tupu mkononi mwake, na hakunipunguzia hata kidogo. La mrija alilisema pia. Hapo mama akaguna, nikadhani anacheka. Hakuwa anacheka.

"Mwanamume anayenyang'anya kopo leo," akasema, "kesho atanyang'anya simu. Keshokutwa atafunga mlango kwa nje. Mimi nimewaona. Wewe uliye nje, una la kusema, au umeleta mgongo tu?"

Wewe unayesoma, huenda unasubiri nikuambie wivu ni mbaya. Siwezi, bado ninao. Ninachokuambia ni hiki: mtu mwenye wivu hana siri. Hata fundi simu wa ng'ambo anajua pa kumshika ili abebe mzigo usio wake. Na mara nyingi ukweli ulikuwa umeshaanza kusemwa mbele yako, katikati ya sentensi, ukaukata mwenyewe.

Kama unataka kujua, Jumamosi ilifika, na wazee wangu walikunywa kwao Provia. Haikuletwa na shairi. Ililetwa na maneno yasiyo na vina, niliyoyasema kwa sauti, uso wangu umeelekea barabarani:

"Mama, nikishikwa na wivu tena nitamuuliza Provia, nitakaa chini, na sitainuka mpaka amalize kunijibu. Akinijibu siku nzima, nitakaa siku nzima."