Tundu la saba kwenye kadi ya Firmin

Saa moja na nusu asubuhi, Jumanne ya tatu ya Machi 1970, kibanda cha kapita, msimamizi wa kambi ya wafanyakazi, bado kimefungwa. Wanawake watatu wanangoja mlangoni na karatasi zao. Katika miaka kumi na tisa ya ukapita Firmin Kabwita hajawahi kuchelewa. Mlinzi anapita na kuwaambia kwamba Firmin amefariki alfajiri, hospitalini.

Ofisini, hatua mia mbili kutoka hapo, Émilienne Mujinga anatoboa kadi. Ana miaka thelathini na moja. Kwa siku hutoboa kadi mia sita za kampuni ya uchukuzi inayohudumia migodi ya Likasi na Kambove. Kila mfanyakazi ana kadi yake, na matundu yake huiambia mashine mpya nani apewe posho ya Jumamosi: unga, maharagwe, samaki wakavu na mafuta.

Jumatano anapokea karatasi ya hospitali: namba 3118, amekufa. Anatoboa tundu la "ametoka kazini".

"Nilijua ni yeye," anasema. "Nikatoboa. Ndiyo kazi."

Mjane hatoki nyumbani wakati wa kilio, kwa hiyo Jumamosi anayepanga foleni ghalani ni Berthe, dada wa marehemu. Urbain, mgawaji wa posho, anapitisha kidole kwenye orodha mara mbili.

"Mama Berthe, jina ya kaka yako haiko."

"Haiko namna gani? Bantu makumi tatu beko ku kilio. Bakule nini, ile karatasi yako?"

"Minye nasoma tu, mama. Mashine njo inaandika."

"Basi umwambie mashine akuye kulia na sisi."

Foleni inacheka.

Jioni Berthe anafika kwa Émilienne. Haketi. "Weye njo ulimutoboa kaka yangu?"

Émilienne anampa nusu ya gunia lake la unga. Jumatatu anamwendea Urbain amweleze ilivyokuwa zamani.

"Firmin alikuwa anaweka karatasi ya hospitali mu mufuko ya koti," Urbain anamwambia. "Siku arobaini, mupaka kilio inaisha. Kisha anaipeleka. Bote tulijua."

"Na bakubwa?"

"Bakubwa hawakuuliza."

Wala waliopanga kazi za mashine mwezi Januari hawakumuuliza Firmin. Waliwauliza wakurugenzi, wakasoma kanuni, na tangu hapo karatasi ya kifo hutoka hospitalini moja kwa moja hadi kwenye meza ya Émilienne.

Mkuu wa chumba cha mashine, Nicolas, alimsikiliza akiwa amesimama. "Madame, mashine inajua mambo mbili tu. Mutu iko kazini, ao ametoka."

"Njo inakosa ya tatu, monsieur."

"Nikiongeza ya tatu, nageuza orodha zote. Unionyeshe kwanza karatasi inapita wapi."

Kwa wiki mbili, kila alipotoka kazini, Émilienne alitembea: hospitali, kibanda, ghala, ofisi ya nyumba za kampuni. Alichora kila meza na kila mkono unaopokea karatasi, nyuma ya orodha zilizokwisha kutumika. Ofisi ya nyumba ndiyo iliyomshtua. Tundu lile lile lilisomwa huko pia, na barua ya kumtaka Suzanne, mjane wa Firmin, ahame ilikuwa imekwisha kuchapwa.

Nafasi ya saba kwenye kadi ilikuwa haitumiki, basi aliandika chini ya mchoro: tundu la saba, kilio, siku arobaini, posho na nyumba vibaki.

Nicolas aliutazama mchoro muda mrefu. "Nani alikuchorea?"

"Firmin alitembea hii njia miaka kumi na tisa. Minye nilifuata."

Barua ilizuiwa. Orodha zilichukua wiki nyingine kugeuzwa. Suzanne alipata posho ya Jumamosi mbili za mwisho, akamaliza kilio ndani ya nyumba yake, kisha akahamia kwa ndugu yake Kambove.

Émilienne sasa anataka kujifunza kuandika maagizo ya mashine yenyewe. Nicolas amemwazima kitabu. Anakisoma polepole, kwa sababu aliishia mwaka wa tatu wa sekondari. Anasema atauliza kwanza ghalani na kwenye karakana kabla ya kuandika lolote.

Kibanda cha kapita kimefungwa mpaka leo. Kila Ijumaa mashine huchapa orodha ya posho. Ijumaa hii, chini ya tundu la saba, kuna majina manne.