Mzizi wa Mzee Salmini

Hakuna mtu Newala aliyewadharau watu wa serikali kama Mzee Salmini, mganga wa mizizi. Alipoitwa semina Masasi, akabinua mdomo mpaka mkewe akacheka.

"Jana washirikina, leo wadau! Ati sera imebadilika, sasa tiba asili iingie hospitalini. Wamekwama hao, Mama Shamsia."

Lakini kiti cha hospitalini alikitaka, tena alikitaka mno. Mratibu wa semina, nesi mmoja kijana aitwaye Veridiana, alieleza kuwa mganga ambaye dawa yake itapita maabara atapewa chumba hospitalini, mlango kwa mlango na madaktari. Salmini hakusikia jingine siku ile. Soda aliiacha nusu.

Tatizo likawa mzizi wenyewe. Dawa yake ya tumbo aliachiwa na babu yake, na huchimbwa kimya: ukitoka nyumbani husemi na mtu, hata shikamoo huitikii, mpaka urudi. Hata Mwanakombo, mkewe, aliyeinywa miaka nenda rudi, hakuwahi kuuona mzima. Leo aupeleke kwa vitoto vya makoti meupe wamwibie? Thubutu! Akaingia shambani, akang'oa mhogo wa kwanza uliomjia mkononi, akaumenya, akaukausha haraka haraka, akautwanga, akapeleka unga huo. Watajuaje, wale? Wataona ni mti tu, wagonge muhuri.

Bwege mzee. Ulikuwa mhogo mchungu, ule ambao huku hata bibi kizee asiyeona vizuri hakubali kuupika kabla haujalowekwa.

Majibu ya maabara yalipotoka, Veridiana alikuja mwenyewe, akawakuta wagonjwa wamejaa mkekani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chumba changu tayari?"

"Mzee, dawa yako imekutwa na sumu. Ukiendelea kuwapa watu, tutakufungia."

Wagonjwa wakatazamana. Salmini akaangua kicheko.

"Sumu! Ule ulikuwa mhogo, binti. Mlidhani nitawapa mzizi wangu nyinyi?"

"Basi tupe wenyewe, tuupime."

"Hauonyeshwi."

Mwanakombo alikuwa amesimama mlangoni, mkono tumboni. "Baba Shamsia, mimi je? Nionyeshe mimi tu, roho yangu itulie."

Hapo angeweza kuokoa kila kitu. Angemwita ndani, akafungua kifurushi cha mzizi, yakaisha. Lakini dharau ilikuwa imemkaa rohoni, na mke naye kwake alikuwa mtu wa kudharauliwa tu.

"Wewe? Mwanamke wa jikoni utaujua nini?"

Mwanakombo akageuka. Akaingia, akatoka na chungu cha dawa yake ya siku ile, akaimwaga yote mchangani, huku Newala ambako, kwa shida ya maji, hata ya kunawia mikono watu hawayamwagi hivi hivi.

Kisha akajitanda kanga, akamgeukia Veridiana.

"Mwanangu, hospitali mnafungua saa ngapi?"

"Iko wazi, mama. Twende."

Wagonjwa nao wakaanza kutafuta viatu vyao.