Babu na Wenzake wa Meli ya Norwe

Juzi binti yangu, anayefuatilia habari za ukoo wetu, alinionyesha kwenye simu picha ya mabaharia wa meli ya mizigo ya Norwe, enzi za vita vya dunia. Pembeni ya Wazungu alisimama babu yangu, kijana kabisa. Binti yangu alisema meli ile ilipigwa kombora, mafuta yakawaka juu ya bahari, na waliopona walikuwa wachache.

Nilikumbuka alasiri moja ya utotoni mwangu, kule kijijini Milola, mbali na pwani. Bibi alikuwa akichoma korosho, mafuta ya maganda yakashika moto ghafla, na moshi mweusi unaowasha macho ukatanda uani. Babu alininyakua, akanitumbukiza kwenye pipa la maji, kisha akaanza kupaza sauti kwa lugha nisiyoijua.

"Babu, unamwita nani?" niliuliza huku nikicheka.

"Wenzangu, mjukuu wangu. Wamebaki baharini."

Nilidhani ni wavuvi waliochelewa kuleta kitoweo. Basi nikamsaidia kuita, kwa sauti yangu yote: "Jamani, rudini!"

Babu akaacha kuita. Akanishika mkono uliolowa, akageukia upande wa bahari tusiyoiona, akasikiliza.