Bibi Aliyejimiminia Kahawa

Kuna harufu moja ambayo hadi leo hunipandisha hasira: ya karatasi iliyotoka kwenye mashine ya fotokopi ikiwa bado ya moto. Kliniki ninakofanya kazi, wenzangu huipita bila kuisikia. Mimi ikinifikia puani narudi papo hapo kwenye chumba kimoja cha chini ya jengo, mtaa wa Frogtown, Saint Paul. Nina miaka kumi na minne, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya nje, na mbele yangu kuna habari ya Kiingereza yenye maswali ambayo majibu yake, naapa, yalitungwa na mtu anayenichukia.

Tulikuwa tumefika Minnesota mwaka uliotangulia, mama, mimi na mdogo wangu Baraka, tukitokea kambi ya wakimbizi Tanzania, na kabla ya hapo Fizi, Kongo. Kambini nilisoma kwa Kifaransa, na sikuwa wa mwisho, tena mbali kabisa na wa mwisho. Hapa nikawekwa darasa la wageni, tukapewa vitabu vyenye picha za tufaha na gari la zimamoto. Nilijiona mtu mzima aliyevishwa nepi. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu: mtihani wa ufahamu wa majira ya kuchipua. Ukifaulu, unakwenda kusoma baiolojia na watoto wa rika lako. Ukifeli, unarudi kwenye tufaha mwaka mwingine mzima. Mimi nilitaka uuguzi, na bila baiolojia uuguzi ungebaki kuwa hadithi. Na nilikuwa nimeshafeli mara moja.

Mama alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli huko Bloomington, karibu na uwanja wa ndege. Kiingereza chake kilikuwa cha mashuka na taulo, kwa hiyo hakuweza kunisaidia, na jambo hilo lilimuuma. Akapeleka shida yangu kanisani, ambako shida zetu zote zilipelekwa. Mama Kemunto, Mkenya aliyekuwa muuguzi na ambaye hakosi jibu la jambo lolote, akamwambia, "Mama Riziki, kuna tuition ya Saturday pale University Avenue, na ni free. Wanafunzi ni Wachina, lakini hiyo isikusumbue. English ni ile ile."

Mama hakuuliza swali la pili. Jumamosi iliyofuata nilishikwa mkono, nikaingizwa.

Kiingereza kilikuwa kilekile, kweli. Ila kilielezwa kwa Kichina. Darasa lilianzishwa kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari wanaozungumza Kichina, na Mwalimu Shen, mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, hakuona sababu ya kulibadilisha kwa ajili yangu. Habari tulisoma kwa Kiingereza. Kisha yeye anaeleza, kwa Kichina, kwa urefu wa mahubiri. Wenzangu wanatikisa vichwa, kalamu zinakimbia. Mwishowe ananikumbuka, anakuja mezani kwangu na kunifupishia mahubiri yote kwa sentensi moja ya Kiingereza. Wiki chache tu nikawa najua kusema "sahihi" na "kosa" kwa Kichina, hasa "kosa".

Nilikasirika sana. Nilikuwa narudi nyumbani kwa treni ya University nikiwa nimekunja uso hadi misuli inauma. Nilimwambia mama kwamba nalipeleka sikio langu kila Jumamosi kwenda kupumzishwa. Akanijibu kwamba wale watoto wa Kichina wanasoma kwa bidii, na mtu akikaa na wanaosoma atasoma.

Lakini tatizo halikuwa Kichina peke yake. Mwalimu Shen alitutaka tuanze na maswali kabla ya kusoma habari. Kwangu huo ulikuwa utovu wa adabu, kuingia nyumba ya watu kupitia dirisha la jikoni. Sisi kambini tulisoma kwa sauti, darasa zima, toka juu hadi chini, kisha mwalimu anauliza: habari hii inatufundisha nini? Kanisani hivyohivyo. Nilizoea kwamba mtu haandiki kitu ila ana la kukufunza. Basi tukapewa habari ya yule mnyama wa mtoni anayekata miti kwa meno na kujijengea nyumba majini, tukaulizwa mwandishi alikusudia nini. Nikachagua jibu lililosema tufanye kazi kwa bidii. Kosa. Alikusudia kueleza jinsi nyumba inavyojengwa. Nikamtazama Mwalimu Shen nisiamini. Mtu mzima aandike ukurasa mzima kueleza nyumba ya mnyama tu, pasipo funzo?

Aliyekaa kando yangu alikuwa Wenjing, msichana wa umri wangu aliyeishi na babu na bibi yake. Kiingereza chake kilikuwa saizi ya changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Yeye hakutafuta funzo, yeye alipigia mstari kila kitu, hadi karatasi yake ikawa na mistari mingi kuliko maneno.

Ikaja Jumamosi ya Tim.

Habari ilikuwa fupi. Tim yuko mezani asubuhi, anakula nafaka na maziwa. Bibi yake anaingia, ametoka mji mwingine kuja kukaa nao wiki nzima. Tim anatabasamu mdomo ukiwa umejaa, anamwambia "hai", anaendelea kula. Bibi anavua koti lake, anajimiminia kahawa, anakaa. Wanaongea juu ya mbwa. Swali: Tim alijisikiaje kuhusu ujio wa bibi yake? Jibu la kwanza: alifurahi. La pili: hakumtaka. Yaliyobaki siyakumbuki, kwa sababu sikuyasoma. Nilichagua la pili hata kabla kalamu haijatulia mkononi. Mtoto hakuinuka. Hakupokea mzigo. Mwanamke mzima katoka safari, anajimiminia kahawa mwenyewe kama mpangaji! Kwetu husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Tim, mgeni njoo, ujihudumie.

Mwalimu Shen akasema jibu ni la kwanza.

Hapo darasa likachafuka. Wenjing alisema kitu kwa Kichina, mvulana wa nyuma akasema kingine kwa sauti zaidi, na muda si muda kila mtu alikuwa akiongea na kugonga karatasi yake. Nikachungulia. Karibu wote walikuwa wamechagua la pili. Kwa mara ya kwanza tangu niingie chumba kile nilielewa kila kilichosemwa bila kujua hata neno moja. Wenjing akanigeukia, akaniambia kwa Kiingereza chetu, "Bibi yangu angegeuka mlangoni, arudi uwanja wa ndege." Nikamwambia wangu pia, kama angekuwa na uwanja wa ndege.

Mwalimu Shen alivaa miwani yake, akaweka kidole kwenye neno moja: alitabasamu. Akasema kwa Kiingereza, nadhani ili na mimi nisikose kuumia, "Hamkuulizwa ninyi mngefanya nini. Hamkuulizwa nani kamlea Tim. Mmeulizwa alijisikiaje, na karatasi imesema. Andikeni la kwanza."

Tuliandika. Mimi niliandika kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka.

Nyumbani nilimkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwenye kinu kidogo. Nikamsimulia yote, nikiwa na hakika kabisa kwamba nimepata wakili. Na kweli alianza vizuri. Mchi ulisimama.

"Ule mutoto hakusimama? Hakumupokea koko yake hata sakoshi?"

"Hata, mama. Mkoba hakuugusa. Koko alijimiminia kahawa."

Akaguna, guno la asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kisha akaniuliza, "Na banakuuliza nini?"

"Tim alijisikiaje."

"Banakuuliza kama alilelewa muzuri?"

"Hapana, mama, lakini..."

"Basi ujibu kenye banakuuliza. Usiongeze, usipunguze." Sauti yake ilikuwa kavu. Hakunitazama. Mchi ukaanza tena, kwa nguvu kuliko sombe ilivyohitaji.

Niliudhika kuliko nilivyoudhika darasani. Mwalimu Shen angalau hakuwa mama yangu. Nilimwona mama amejiuza kwa karatasi za Wamarekani, yeye aliyetufundisha kumpokea kila mtu mzigo hadi mtu wa posta akawa anatuogopa.

Lakini nilitii, kwa hasira. Majira ya kuchipua nikafanya mtihani nikijibu nilichoulizwa tu, bila funzo, bila huruma kwa mzee yeyote aliyetajwa humo. Nilifaulu. Wenjing pia alifaulu. Tukasoma baiolojia, nikapata uuguzi wangu, na maneno ya mama nikayaweka katika fungu la maneno magumu ambayo wazazi huyasema wakiwa wamechoka.

Ni juzijuzi tu nilipoelewa yalikotoka. Alikuwa amekaa jikoni kwangu, mimi nikijaza karatasi za mgonjwa, akaniambia kwamba hata yeye aliwahi kufanya mtihani wa maswali. Alikuwa anasema juu ya mahojiano ya kambini, yale yaliyotuleta huku. Watu walionusurika mahojiano waliwafunda wenzao: jibu ulichoulizwa, usiongeze, usipunguze, ukiongeza watasema umebadilisha hadithi, na familia nzima itabaki.

"Banauliza, mama yako iko wapi? Nikasema, Kongo. Banauliza, alikuja na ninyi? Nikasema, hapana. Iko muzima? Nikasema, sijui."

"Halafu?"

"Halafu bakageuza ukurasa."

Alikuwa amejiandaa kwa swali la nne, aliniambia. Alikuja na jibu lake njia nzima: kwamba siku tulipokimbia Fizi miguu ya bibi haikuwa inabeba tena, kwamba mama alimbeba mgongoni hadi mwisho wa mashamba, mimi nikitembea pembeni na Baraka kifuani kwake, na kwamba ni bibi mwenyewe aliyejiachia akateremka, akaketi chini na kumwamuru aende na watoto. Mama alimwekea maji karibu na mkono. Hakuna aliyemuuliza. Naye hakuongeza.

Nimeyafikiria sana yale majibu matatu. Kongo. Hapana. Sijui. Ningepewa hayo siku zile kama habari ya ufahamu, niulizwe mwanamke huyu alijisikiaje kuhusu mama yake, ningechagua jibu kabla kalamu haijatulia mkononi, na ningekosea.