Nilimjibu Zuhura "tufe ni tufe", na mpaka leo najuta

Wakuu, heshima zenu. Wakubwa shikamooni. Naandika kweli tupu, na aibu yote ni yangu.

Mie ni mwalimu wa michezo huku Goba. Miaka michache nyuma nilikuwa namfundisha binti mmoja, nimwite Zuhura, kurusha tufe. Ana bega, ana miguu, na hapendi kushindwa hata kwenye karata.

Baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Buguruni, na mchezo ule hakuutaka kabisa. Zuhura alipochaguliwa kwenda mashindano ya kimataifa, yale ya ndani ya ukumbi, nilimfuata mzee dukani. Shikamoo, marahaba, kahawa. Akasema:

"Mwalimu, aende mara hii moja. Akirudi nikaona kwenye matokeo mita mbele ya jina lake, ataendelea. Nikikuta patupu, anakuja kukaa hapa dukani. Tumeelewana?"

Mita zozote, wakuu! Hata angekuwa wa mwisho.

Mazoezi tulikuwa tunafanyia kiwanjani, kilimani. Tufe letu la chuma, kilo nne, likidondoka linabingirika hadi kwa majirani. (Kuna mama lilimbonyezea sufuria ya maharage, alitununia mwezi mzima.)

Wiki tatu kabla ya safari nikatumiwa email ya maelekezo, kurasa kama kumi. Nikasoma ya kwanza tu.

Zuhura akaniuliza, "Mwalimu, tufe la huko likoje? Nasikia ndani hawatumii la chuma."

Nikamjibu kwa kiburi: "Tufe ni tufe. Kilo nne ni kilo nne. We rusha."

Kumbe ukurasa wa sita ulieleza kila kitu. Kule walitumia tufe lililovikwa mpira, lisiharibu sakafu. Uzito ule ule, ila kubwa zaidi mkononi. Ningesoma, ningelizungushia letu mpira wa tairi la baiskeli, binti akazoea.

Wakati wa kupasha misuli alilishika, akaligeuza, akaniangalia kule jukwaani. Sijausahau ule uso.

La kwanza lilimponyoka, likaangukia nje ya mstari. La pili hivyo hivyo. La tatu lilienda mbali kweli, nikaruka kwa furaha, ila alijitupa mbele kuliko kawaida na kukanyaga juu ya ubao wa mbele ya duara. Bendera nyekundu. Mbele ya jina lake zikabaki X tatu, mita hakuna hata moja.

Tuliporudi mzee hakugomba. Alisema tu, "Ahadi ni deni, mwalimu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema kwamba maelekezo sikuyasoma. Nikasema bahati haikuwa yetu. Zuhura alikuwa amekaa pale pale, akainamisha kichwa.

Mwezi uliopita nilipita dukani kununua misumari. Zuhura ndiye anayepima siku hizi. Nikaomba kilo nne bila kufikiri. Akapanga mawe kwenye mizani, nami nikajitia utani, nikamuuliza kama mizani yao haipunji.

Akanikabidhi mfuko, bila hasira yoyote.

"Kilo nne ni kilo nne, mwalimu."

Misumari ipo ndani kwangu, sijaigusa.

Nyie mnaofundisha watoto wa watu, ukiulizwa usichokijua sema sijui, kisha nenda katafute. Mie nataka kumwambia mzee ukweli, ila miguu inagoma. Nianze na baba au na binti? Nisemeni tu, nimestahili.